MAZUNGUMZO YA JIONI: Senema ya Shilingi Elfu Tisa



Nalikuwa nimejiandaa kuwaandikia habari za dumuzi, yule mdudu anayetumalizia mahindi ghalani, na kalamu nilikwisha kuishika. Lakini dumuzi atangoja kidogo, maana nimetoka safari, na safari hiyo ilinionyesha jambo ambalo naona wazazi wengi mnaniuliza kwa barua na kwa mdomo: habari za watoto wetu walioko mjini, wanaojipiga picha za kuchekesha kwa simu na kuzitawanya duniani.

Dada yangu mdogo alikuja kwangu jioni moja baada ya Rozari, amefunika simu kwa upindo wa khanga kama mtu aliyeficha kitu cha aibu. Simu si yake. Ni ya mtoto wa jirani, ile ya kupangusa, maana ya kwake ni kitochi. Akaniambia, "Kaka, mtazame mwanao." Nikatazama. Nikamwona mpwa wangu, yule niliyemsimamia Ubatizo, amevaa gauni la kike na kilemba, anafukuzwa na bata katika uchochoro wa Mbagala, mjini Dar es Salaam, halafu anatumbukia mtaroni, puu! Nasema kweli, nilicheka. Dada yangu hakucheka. "Niliuza mbuzi watatu apate kujifunza ufundi wa umeme," akasema. "Je, umeme ndio huo? Nenda ukanirudishie mtoto wangu."

Basi nikapanda gari la alfajiri kutoka Tabora, nikashuka usiku katika kituo cha Magufuli pale Mbezi, kiuno kimekufa ganzi. Mpwa wangu alikuwa amekuja kunipokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Bata hajambo?"

Akainama chini, akacheka kwa haya. Nikajua mtoto hajapotea bado.

Hali yake sikuikuta kama tulivyohofia. Siku sita za juma anafanya kibarua cha kutandaza nyaya za umeme katika majumba, chini ya fundi mmoja. Amepanga chumba na mwenzake. Jumapili huhudhuria Misa ya kwanza, na baada ya Misa ndipo hukutana wanne: yeye, mwenzake wa chumba, kijana mmoja wa bodaboda, na binti fundi cherehani, ambaye niliona upesi kwamba ndiye mwenye akili kuliko wote watatu. Nikawaambia, "Jumapili hii nafuatana nanyi. Sitasema neno. Nitakaa pembeni kama mzee wa kanisa."

Hadithi yao ilikuwa imeandikwa katika daftari la shule, kurasa mbili tu. Vijana wawili wana jozi moja ya viatu vyeusi. Wote wawili wamealikwa harusi moja, na kila mmoja ataka aonekane muungwana mbele ya binti yule yule. Hawapatani nani avae. Mwisho wanakubaliana: mmoja atatangulia, ataingia, ataonekana, kisha atasingizia kwenda kupunga upepo, avipitishe viatu dirishani kwa mwenzake. Wanavipiga kiwi mpaka waweza kujitazama ndani yake. Wanatembea njia nzima wakibebana kwa zamu, mvaaji mgongoni mwa asiye na viatu, visije vikaingia matope. Wanafika. Na mlangoni pa harusi wanakuta karamu imetandikwa mikekani, na wageni wote, wakubwa kwa wadogo, wamevua viatu nje! Yule mwenye viatu hana budi kuvivua. Anavivua. Soksi ina tundu, na kidole gumba chote kimetoka nje, kinachungulia kama panya shimoni. Basi, imekwisha. Dakika tatu.

Jambo hili nililipenda, na nitawaeleza sababu. Kichekesho hicho hakina matusi wala mlevi wala mwanamke wa kupigwa. Chatokana na maisha ya mjini jinsi yalivyo: chumba kimoja, watu wawili, na hamu ya kuonekana kama mtu. Tena mtazamaji ajua yale ambayo wenyeji wa harusi hawayajui. Binti yule fundi cherehani alinieleza vizuri zaidi kuliko mimi. Alisema, "Babu, mtu hachekeshwi na anguko. Huchekeshwa na yule anayejitahidi asianguke."

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana najua vijana wa parokia nyingi wanaosoma ukurasa huu wana simu, na wengine wamekwisha kujaribu wakapata picha nyeusi na sauti za upepo.

Kwanza, jua. Hawapigi picha mchana katikati. Jua la utosini hugeuza macho ya mtu kuwa mashimo mawili ya giza, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Hupiga asubuhi kabla ya saa tatu na nusu, halafu hupumzika mpaka saa kumi jioni. Mahali penye kivuli humweka mtu karibu na ukuta uliopakwa chokaa, au mmoja hushika shuka jeupe upande wa jua, nuru igonge shuka imrudie mchezaji usoni.

Pili, simu isitikisike. Hawana kile kiguu cha matatu kiuzwacho madukani. Wamefunga fito tatu kwa mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, na simu wameibana katikati kwa vibanio vya nguo. Chini wananing'iniza mfuko wa mchanga ili upepo usiiangushe. Simu hulazwa ubavu au husimamishwa, lakini wakianza kwa namna moja humaliza kwa namna ile ile.

Tatu, sauti, na hapa ndipo wengi huanguka. Mtazamaji atasamehe picha yenye ukungu, lakini maneno yasiposikika huondoka. Simu inayopiga picha ikiwa mbali hunasa daladala, jogoo na redio za majirani kuliko maneno ya mchezaji. Basi wao hutumia simu ya pili. Huiwasha irekodi sauti, wakaitia katika mfuko wa shati wa yule anayesema. Kabla ya kuanza, mmoja hupiga kofi moja mbele ya simu zote mbili. Usiku, wakati wa kukata na kuunga vipande, hulinganisha kofi la picha na kofi la sauti, na vyote viwili vikaenda pamoja. Makampuni makubwa ya senema hufanya vivyo hivyo kwa kibao chao cha kupiga pa! Ule mlio wa viatu vipya, nyiko nyiko nyiko, ulikuwa puto la watoto likisuguliwa kwa kidole chenye maji.

Nne, hawapigi hadithi nzima mfululizo. Hupiga kwanza kwa mbali, tuone watu wote na mahali walipo. Kisha karibu, uso tu. Kisha karibu zaidi, kidole kikitoka soksini. Kidole kile walikipiga mara tano. Mara ya kwanza mtoto alipita mbele. Mara ya pili mpwa wangu alicheka. Mara ya tatu soksi ilipasuka kupita kiasi, wakaishona kidogo, nami nikashika uzi.

Jambo moja liliniogofya. Walipofika mahali pa kupitisha viatu dirishani, mama mmoja wa nyumba ya pili, asiyejua habari, aliona kijana akinyoosha mkono dirishani mwa watu, akapiga ukelele, "Mwizi!" Wasomaji wangu, neno hilo katika uchochoro wa mjini si mchezo, watu wamepoteza roho zao kwa neno hilo kabla ya kuulizwa jina. Vijana wawili walikwisha kuokota mawe. Lakini mjumbe alitokea mbio, akiinua mikono na kusema, "Waacheni, wanacheza, nina habari!" Kumbe binti yule alikuwa amekwenda kwa mjumbe tangu Ijumaa akamweleza siku, saa na mahali. Kijana unayetaka kucheza mwizi, au mgonjwa, au askari, usitoke nyumbani kabla ya kumwarifu kiongozi wa mtaa na majirani. Na ukitaka kuuza senema yako au kuionyesha kwa kiingilio, ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu. Anza kwa kumwuliza Afisa Utamaduni wa wilaya yako.

Gharama nilizihesabu mwenyewe, maana mimi ni mweka hazina wa jumuiya na siwezi kujizuia. Kukodi koti shilingi 3,000. Chai na maandazi ya wachezaji 3,000. Bando 2,000. Kiwi 1,000. Jumla shilingi 9,000. Simu walikuwa nazo tayari. Kukata na kuunga hufanywa ndani ya simu ile ile. Binti alishona gauni na kilemba kwa vitambaa vilivyobaki.

Usiku ule umeme ulikatika, tukakaa nje. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, ninyi wazee mambo haya hamkuwa nayo, ama?" Nikacheka. Vijana hudhani dunia iliumbwa walipopata simu.

Nikawaambia: tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio senema kumi, kila moja haitimizi dakika moja. Mojawapo ilikuwa kichekesho. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Kijana mtundu anakuja nyuma yake, anakanyaga mpira, maji yanakatika. Mzee anashangaa, anaugeuza mpira na kuuchungulia mdomoni. Kijana anainua mguu. Maji yanamlipukia mzee usoni! Mzee anamkamata kijana, anamchapa. Imekwisha. Mtunza bustani yule alikuwa mtumishi hasa wa nyumba ya akina Lumière. Gharama ilikuwa mpira, maji na bustani yao wenyewe. Tena angalieni: kijana anapokimbia anafika ukingoni mwa picha, naye mzee anamkokota kumrudisha katikati ndipo amchape, maana kamera haikuweza kusogea. Miaka zaidi ya 125 imepita, nanyi na fito zenu tatu mko pale pale.

Kisha nikawaambia habari za Charlie Chaplin. Alizaliwa Uingereza mwaka 1889 katika umaskini mkubwa, hata akiwa na miaka saba alipelekwa katika nyumba ya mafukara ya London. Alipofika Marekani, kampuni ya Keystone ilikuwa ikitengeneza vichekesho vifupi kwa haraka kama mtu akaangavyo vitumbua. Mwezi Januari 1914 walikwenda Venice, California, palipokuwa na mashindano ya vigari vya watoto. Hawakujenga kitu wala hawakuita umati. Umati ulikuwapo tayari, umekuja kutazama mashindano. Chaplin akavaa suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa na kofia ndogo, akashika bakora. Mchezo wenyewe ni huu: mpiga picha ataka kupiga picha za mashindano, na mtu yule wa ajabu kila mara anajipitisha mbele ya kamera aonekane. Anasukumwa, anarudi. Anafukuzwa, anarudi tena. Dakika kama sita hivi, basi. Ilitolewa Februari 1914, na ndiyo mara ya kwanza watu kumwona katika senema yule fukara mwenye bakora ambaye baadaye dunia nzima ilimjua.

Kijana wa bodaboda akasema, "Babu, huyo ni sisi kabisa. Kujipitisha mbele ya kamera." Wote wakacheka, nami pia.

Hata kwetu si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika senema za Kiswahili, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, na mchezaji aliyejulikana katika senema hizo alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa amesoma hapa kwetu Tabora. Mwaka 1962 kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Basi mzazi usiseme haraka kwamba mtoto anayeigiza hatakuwa mtu. Na mzee wetu Amri Athumani wa Tanga, yule King Majuto aliyefariki Agosti 2018, ni nani katika kijiji chenye kibanda cha video asiyemjua? Jirani zetu wa Uganda nao wana Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, ambaye katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala alitengeneza senema ya mapigano na mzaha iliyotoka mwaka 2010 na kusifika mpaka ng'ambo. Husemwa kwamba gharama yake haikufika dola 200. Bunduki zilikuwa za mbao na vyuma chakavu, kompyuta aliiunga kwa vipande vya zamani, na nakala waliziuza nyumba kwa nyumba.

Hapo ndipo mwenzake mpwa wangu, kwa furaha ya mazungumzo, akanipa simu akisema, "Mzee, tazama na hii. Hii ndiyo iliyotutoa." Nikaona mpwa wangu ananyamaza ghafla.

Nikatazama. Simu ilikuwa imefichwa ndani ya mkoba wenye tundu. Yaonekana meza ya mama lishe pembeni mwa barabara, masufuria, benchi, mafundi ujenzi wanakula. Mpwa wangu anaagiza wali maharage. Anakula vijiko vitatu. Kisha anashika tumbo, anapiga kelele, anaanguka chini akitoa mapovu (nikaja kuambiwa ni sabuni). Mwenzake anapaza sauti, "Chakula kina sumu!" Watu wanatupa sahani na kukimbia. Na yule mama anapiga magoti juu ya udongo, anamshika kichwa mtu aliyeanguka, analia, anaita, "Mwanangu, mwanangu, usife!" Halafu wao wanaruka na kusema, "Tunataniaaa!" na chini ya picha kuna vikaragosi vinavyocheka machozi. Watazamaji zaidi ya elfu sitini.

Sikusema kitu kwa muda. Kisha nikauliza, "Mama huyu alijua?"

"Hakujua, mjomba. Angejua isingenoga."

"Na baada ya kujua, alicheka?"

Hakunijibu. Mwenzake akajaribu kumsaidia. "Mzee, yule ni Mzaramo, na ninyi Wanyamwezi si watani wao?"

Neno hilo lilinichoma, maana si la kijinga. Ni kweli, sisi na Wazaramo tu watani tangu siku za misafara ya kwenda pwani. Babu yangu alichukuliwa kofia na Mzaramo msibani, naye akaikomboa kwa kuku. Lakini utani una mlango wa kuingilia. Mtani hukujia uso kwa uso, wamjua ni nani, nawe waweza kumrudishia papo hapo, tena mbaya kuliko alivyokupa. Na siku ya msiba wako yeye huyo ndiye anayechimba kaburi na kuwatuliza wafiwa. Mtu anayejificha nyuma ya mkoba wenye tundu, amchekee mwanamke aliyepiga magoti, kisha apande daladala aende zake, utani huo aliufunzwa na kabila gani?

Nikawarudisha kwa akina Lumière. Mtunza bustani alijua kwamba atamwagiwa maji. Na Chaplin kule Venice alikuwa na umati mzima ambao angeweza kuudhihaki, naye alijichagua mwenyewe awe mjinga. Ninyi Jumapili hii mlifanya vivyo hivyo: kidole kilichotoka soksini ni cha kwako, mwanangu, si cha mtu mwingine.

Nawaambia wasomaji wangu, sikumwambia kwamba kuchekesha ni dhambi, maana Kanisa halikufundisha hivyo. Papa Pius XII aliandika juu ya senema, redio na televisheni mwaka 1957, akaviita vipaji vya Mungu. Marehemu Papa Fransisko aliwaalika Vatikani wachekeshaji zaidi ya mia moja tarehe 14 Juni 2024, akawaambia kwamba hata Mungu twaweza kucheka naye, kama tuwataniavyo tunaowapenda, na kwamba kicheko chema hakielekezwi kumpinga mtu. Hata wachekeshaji wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Genesius wa Roma. Mapokeo husema alikuwa akiudhihaki Ubatizo jukwaani, na katikati ya dhihaka akaamini kweli, akafa shahidi. Sikukuu yake ni tarehe 25 Agosti. Binti fundi cherehani aliandika tarehe hiyo katika daftari.

Asubuhi mpwa wangu aliifuta picha ile mbele yangu. Akadhani yamekwisha. Mchana akanijia uso umebadilika. Watu wengine walikwisha kuinakili, na ilikuwa inazunguka katika makundi ya WhatsApp asiyoyajua. Kufuta ya kwake ilikuwa kama kukamata kuku mmoja wakati kundi zima limekwisha kutoka bandani. Nikamwambia, "Twende tukale."

Akajua ni wapi. Alitembea nyuma yangu njia nzima.

Yule mama alikuwapo, na benchi lake lilikuwa na watu wawili tu. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mzee, karibu," kisha akamwona aliye nyuma yangu, akageukia masufuria. Nikaagiza sahani mbili. Alizileta. Tukala kimya. Wali ulikuwa mzuri, na maharage yalikuwa na nazi. Nilipomaliza nikasema, "Mama, mimi ni mjomba wa kijana huyu. Nimekuja kutoka Tabora. Naomba utuambie hasara yako."

Hakupayuka. Alihesabu kama mtu aliyekwisha kuhesabu mara nyingi usiku. Chakula cha siku ile kilichomwagwa, shilingi 32,000. Wateja wa jengo lile pale, mafundi kumi na mmoja, walihama wakaenda kula kwingine, na wengine hupita wakimwuliza kama leo wali ni wa kuzimia. Juu ya hilo hakutaja fedha. "Fedha ya chakula atanilipa," akasema. "Lakini neno alilisema mbele za watu. Na alirudishe mbele za watu."

Mpwa wangu akauliza, "Lini, mama?"

"Saa saba. Mafundi wakitoka."

Tukangoja. Saa saba wakaja, wakiwa na vumbi la saruji, wengine wakipita kuelekea meza ya mbele. Mpwa wangu akasimama juu ya benchi. Miguu yake niliiona inatetemeka. Binti fundi cherehani alikuwa amefika, akatoa simu yake kwa mazoea. Mpwa wangu akamwambia, "Usipige." Akairudisha mfukoni. Kisha akasema kwa sauti kwamba yeye ndiye aliyeanguka siku ile, kwamba yale mapovu yalikuwa sabuni, kwamba chakula cha mama huyu hakikuwa na neno, na kwamba leo amekula sahani nzima na yuko hai. Fundi mmoja akazomea. Mwingine akasema, "Shuka, tumesikia." Wanne wakakaa kula. Saba wakaenda zao.

Zile 32,000 alianza kuzilipa siku ile ile kwa 12,000 alizokuwa nazo. Zilizobaki ni za mwisho wa mwezi. Nami sikumwongezea hata senti, ingawa nilikuwa nayo.

Sikumrudisha nyumbani. Dada yangu alinipokea mlangoni akatazama nyuma yangu, akaona niko peke yangu. Nikaketi, nikamsimulia yote bila kuficha, hata habari za yule mama. Alilia kidogo. Kisha mtoto wa jirani akaleta simu, tukatazama ile senema ya viatu, iliyokuwa imekwisha kuungwa. Wakati wa kubebana mgongoni niliona mdomo wake unacheza. Walipofika mikekani akashika shavu. Na kidole kilipochungulia akaniomba irudishwe nyuma, akaisogeza simu karibu na macho, akatazama kwa muda mrefu.

"Soksi hizo nilimnunulia mimi," akasema. Akaniuliza kama gari la Alhamisi linapokea vifurushi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, dumuzi.